Maziwa ya mtoto na wimbi lililosimama

Nilitoka zamu ya usiku hapa Doha nikamkuta mwanangu analia. Nikatia chupa ya maziwa kwenye maikrowevu, kisha nikaishika: vuguvugu tu. Bahati nina mazoea ya kudondosha matone kwenye kifundo cha mkono. Tone la kwanza halikuwa na neno. La pili likaniunguza. Muuguzi mzima, na watoto wangapi nimewafunga vidonda vya moto!

Chupa ya plastiki haipati moto kama maziwa yenyewe, hilo nalijua. Lakini maziwa yale yale yawe moto na baridi kwa pamoja? Jibu lilikuwa katika fizikia ya sekondari, ile tuliyoikariri bila kuielewa.

Funga kamba kwenye kitasa cha mlango, utikise ncha nyingine. Wimbi linakwenda, linagonga mlangoni, linarudi na kukutana na linalokuja. Ukipata mwendo unaofaa, kamba haionekani tena kama inasafiri: sehemu fulani zinapanda na kushuka kwa nguvu, na kati yake kuna nukta zisizotikisika kabisa. Hilo ndilo wimbi lililosimama. Nyuzi za udi wa taarabu hulia hivyo hivyo.

Ndani ya maikrowevu, kuta za chuma ndizo mlango. Mawimbi yakikutana, kuna mahali chakula huchemka na mahali hubaki baridi. Sahani huzungushwa ili kupunguza tatizo, haliishi. Tena maziwa ya moto hupanda juu ya chupa.

Wenye watoto wa sekondari, jaribuni hili. Ondoa sahani na kigurudumu chake, weka bapa la chokoleti juu ya sahani isiyozunguka, washa sekunde 20 hivi. Pima kati ya madoa mawili yaliyoyeyuka: karibu sentimita 6, yaani nusu ya wimbi. Wimbi zima ni meta 0.12. Zidisha kwa mitetemo 2,450,000,000 kwa sekunde (nyuma ya mashine huandikwa MHz 2450). Utapata karibu meta 300,000,000 kwa sekunde, kasi ya mwanga, jikoni kwako!

Chupa ya mtoto sasa naipasha ndani ya bakuli la maji ya moto, naizungusha taratibu, kisha naonja kwa kifundo cha mkono. Mwezi wa Agosti hapa hata birika siliwashi, maana bomba la maji baridi lenyewe hutoa ya moto.