Fataki za Nagaoka: Furaha Isiyosahau Machozi

Kila mwaka, mwanzoni mwa Agosti, vikundi vya wasafiri huteremka katika stesheni ya Nagaoka, mji wa mkoa wa Niigata nchini Japani. Kutoka Tokyo kwa treni ya kasi, safari haifiki saa mbili. Hao ni akina mama na watoto wao, majirani, marafiki wa kazini. Wanawake wengi huvaa yukata, vazi la pamba la majira ya joto, na mkononi hushika upepeo. Wamekuja kutazama fataki zinazorushwa usiku wa Agosti 2 na 3 kando ya Shinano, mto mrefu kuliko yote Japani.

Fataki moja, iitwayo sanshakudama, ina upana wa sentimeta 90 na uzito wa kilo 300 hivi. Hupanda kiasi cha mita 600 angani, kisha hufunguka kama ua kubwa. Mshindo wake husikika hadi kifuani.

Lakini, dada mpendwa, kikundi kinachofika Agosti 2 kimechelewa siku moja.

Usiku wa Agosti 1, 1945, saa 4:30, ndege za kivita za Marekani zilianza kuumwagia mji huu mabomu ya moto. Watu 1,488 walikufa, watoto wengi wakiwamo. Kiasi cha asilimia 80 ya mji kiliteketea. Mwaka uliofuata, waliosalia walifanya sikukuu ya kuujenga mji upya, na mwaka 1947 fataki, zilizokuwa zimesimamishwa wakati wa vita, zikarudi.

Hadi leo, Agosti 1, saa 4:30 ile ile ya usiku, fataki nyeupe tupu hurushwa kwa ajili ya marehemu. Jioni hiyo pia taa za karatasi huelea juu ya mto mdogo wa Kaki. Kesho yake ndipo maonyesho makubwa ya fataki huanza.

Yamamoto Isoroku, amiri wa Japani aliyepanga shambulio la Pearl Harbor la mwaka 1941, alizaliwa Nagaoka. Agosti 15, 2015, miaka 70 tangu vita kwisha, fataki za Nagaoka zilirushwa huko huko Pearl Harbor, zikiwakumbuka wafu wa pande zote mbili. Waliokuwa maadui walisimama pamoja wakitazama juu.

Mtoto aliyeketi na mama yake kando ya mto atauliza kwa nini zile za kwanza ni nyeupe. Hapo mama hupata nafasi ya kumsimulia. Katika Yoshua sura ya 4, Waisraeli waliweka mawe kumi na mawili kutoka mto Yordani kwa sababu hiyo hiyo: watoto waulize, wazazi wajibu.

Katika nyumba zetu pia kuna tarehe nzito: siku aliyofariki baba, siku tuliyompoteza mtoto. Mara nyingi tunazinyamazia, tukidhani tunawakinga watoto. Kumbe wanaona huzuni yetu na hawajui sababu yake. Tarehe hiyo ikifika, pika chakula alichokipenda marehemu. Keti na wanao, wasimulie habari zake, waache waulize. Kisha mshukuruni Mungu pamoja kwa maisha yake. Machozi yakija, yaacheni yatoke. Na kicheko kikija, kipokeeni pia.