Kamera kwenye remorke: inasaidia wapi, inashindwa wapi

Kanyabayonga imekaa juu ya mlima, kwenye barabara ya kitaifa namba 2 kati ya Goma na Butembo. Kamyo ya remorke ikirudi nyuma karibu na soko, shofere haoni mutoto anayepita nyuma ya tairi. Vioo havifiki huko.

Ndiyo maana kuna wenye kufunga kamera. Moja inawekwa nyuma, juu katikati, ikiangalia chini. Ingine inawekwa ubavu wa kushoto. Kamyo zinazotoka Kenya na Uganda kupitia Kasindi zina usukani kuume, na Kongo watu wanaendesha kuume. Kwa hiyo magari yanayokuja mbele au yanayopita kushoto, shofere anayaona kwa shida.

Fundi aangalie kwanza umeme: kamyo kubwa nyingi zinatumia volti 24, kamera ya volti 12 pekee itaungua. Tena waya kati ya kichwa na remorke uachiwe urefu, kona za mlima zisiukate.

Lakini matope kidogo tu yanaziba kamera. Konvoyeri aipanguse mbele ya safari, na ashuke kila mara gari inaporudi nyuma. Kamera inaonyesha mutoto, haimuite atoke.