Anunuaye redio na anunue sikio kwanza

Mwalimu mmoja wa fizikia katika eneo la Asembo Bay, kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria, ameniuliza swali ambalo naona linastahili kujibiwa hadharani. Chama cha wanafunzi shuleni mwake kimechanga fedha kwa taabu, nacho chataka kununua mtambo wake wa kwanza wa redio ya ridhaa, yaani mtambo mmoja unaopokea na kutuma. Wauzaji wamewaonyesha vya kila namna, vya kushikwa mkononi na vya kuwekwa mezani. Wachague kipi? Mimi ni mwanaisimu, si mhandisi. Hata hivyo, swali hili likichunguzwa vyema laangukia uwanjani mwangu: ni nani atakayesema, ni nani atakayesikia, na kuna nini kati yao?

Yafaa kwanza tuelewane kuhusu maana. Kanuni za kimataifa zinaieleza redio ya ridhaa kuwa ni huduma ya kujielimisha, kuwasiliana na kufanya utafiti wa kiufundi, inayoendeshwa na watu walioidhinishwa, pasipo kutafuta faida ya fedha. Kwa hiyo mchuuzi anayetaka kujua bei ya mbuta kule Kisumu hana budi kutumia simu yake. Fauka ya hayo, leseni hutangulia mtambo. Chama hicho na kiulize masharti katika Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kabla shilingi moja haijatoka mfukoni. Jina la mwito linaloanza kwa 5Z4, ambalo ndilo kitambulisho cha Kenya hewani, hupewa mtu kwa idhini, halijipachiki.

Sasa tuvitazame vifaa vyenyewe. Vile vya mkononi, mathalani Baofeng UV-5R, huvutia kwa kuwa bei yake ni nafuu. Lakini vifaa hivyo hutumia mawimbi ya megahezi 144 na zaidi, nayo aghalabu husafiri kwa mstari ulionyooka. Watu wawili waliosimama ufuoni, kila mmoja akiinua redio yake mita 2 juu ya maji, watasikizana kwa takriban kilomita 12 tu kabla ya mkunjo wa dunia kuwatenga. Wakitaka kuvuka hapo, watahitaji kituo cha kurushia upya kilichowekwa mlimani. Kwa shule isiyo na jirani mwenye leseni, kifaa hicho ni barua isiyo na anwani. Wanafunzi watakiita kifaa, kisijibiwe na mtu. Baada ya mwezi mmoja kitatupwa kabatini, na udadisi wao pamoja nacho. Wahenga walinena kweli kwamba rahisi huvunja upishi.

Hali ni tofauti katika masafa mafupi, kati ya megahezi 3 na 30. Mawimbi hayo hurudishwa chini na tabaka la anga lililochajiwa na miale ya jua, hata yakaweza kuvuka bahari na mabara. Kwa hiyo nashauri mtambo wa masafa mafupi. Hapo ndipo wengi huteleza, maana swali lao la kwanza huwa, "Una wati ngapi?"

Jibu la swali hilo limo hewani. Upo mtandao wa kimataifa wenye nafasi 18 za vituo vya ishara, na nafasi ya Kenya inaitwa 5Z4B. Vituo hivyo hupokezana zamu katika megahezi 14.1, kila kimoja sekunde 10, mzunguko ukitimia kwa dakika 3. Kila kituo hutaja jina lake kwa alama za Morse, kisha hutoa mlio mrefu mara nne: wa kwanza kwa wati 100, wa pili kwa 10, wa tatu kwa 1, na wa mwisho kwa sehemu moja ya kumi ya wati. Siku anga likiwa jema, msikilizaji aliye mbali mno huweza kuusikia hata mlio wa tatu, na pengine wa nne. Iwapo wati 1 yatosha kuvuka bahari, sembuse 20?

Jambo gumu ni kusikia. Redio hizi hupitisha sauti ya mtu kati ya hezi 300 na 3,000 hivi, ilhali sehemu kubwa ya nguvu ya sauti kama /s/ iko juu ya hapo. Ongeza kelele, na "baba" na "dada" hazitofautiani tena. Ndiyo sababu waendeshaji hutaja herufi kwa maneno kamili, "Zulu" badala ya Z. Bonde la Ziwa Viktoria nalo ni miongoni mwa mahali penye ngurumo nyingi zaidi duniani, na kila radi hukwaruza redioni. Hivyo mtambo upimwe kwa upokezi wake: vichujio vyake vyaitenga sauti dhaifu na jirani yake mwenye nguvu?

Umeme pia una hesabu yake. Mtambo wa wati 100 hula ampea 20 hivi unapotuma; ule wa wati 20, mfano Xiegu G90, hauzidi ampea 8, na betri ya gari yenye paneli ya jua yaumudu. Antena ni waya wa mita 10 hivi, uliogawanywa katikati na kutundikwa baina ya miti miwili, kwa ajili ya megahezi 14. Mawingu yakitanda, ing'olewe mtamboni bila kungoja radi.

Basi nionavyo mimi, chama hicho kianze na redio ya kupokea tu, yenye uwezo wa SSB na Morse, pamoja na waya huo. Wanafunzi wavisake vituo 18, waandike daftarini saa na nguvu ya kila mlio, huku wakijiandaa kwa leseni. Wakiipata, wanunue mtambo wa wati 20 wenye upokezi safi, na fedha zitakazosalia ziende kwenye antena na betri. Mtoto husikiliza miezi mingi kabla ya kutamka neno lake la kwanza, na hakuna mzazi anayemwona kuwa amechelewa.