Mwili Haujui Kwamba Njaa Umeitaka Mwenyewe

Novemba 1944, Vita vya Pili vya Dunia vikielekea ukingoni, vijana 36 wa Kimarekani waliokataa kubeba silaha kwa sababu ya dhamiri zao walianza utafiti wa njaa katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Mtafiti Ancel Keys alitaka kujua namna ya kuwarudishia afya watu wa Ulaya waliokuwa hoi kwa kukosa chakula. Kwa miezi sita vijana hao walikula milo miwili kwa siku, hasa viazi, mkate na mboga, jumla yake takriban kilokalori 1,600, na kila wiki walitembea kilomita 35. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Lakini miili nayo ilibana matumizi: nishati inayotumika mtu akiwa amepumzika ilishuka kwa karibu asilimia 40, mapigo ya moyo yakawa ya polepole, baridi ikawaandama hata kiangazi, na baadhi yao wakashinda wakisoma vitabu vya mapishi. Waliporuhusiwa kula watakavyo, walikula wasishibe, na mafuta ya miili yao yakarudi haraka kuliko misuli hadi yakapita kiwango cha mwanzo. Milo mingi ya kupunguza mwili inayosambazwa leo mitandaoni ina chakula pungufu ya zile kilokalori 1,600. Anayeshindwa nayo huambiwa hana nia, ilhali kilichomshinda ni kinga ya mwili wake dhidi ya njaa, na mlo wenyewe ndio ulioiamsha.

Mizani ndiyo inayodanganya kwanza. Ini na misuli huhifadhi sukari iitwayo glaikojeni, kiasi cha nusu kilo hivi, na kila gramu yake hushikana na takriban gramu tatu za maji. Bibi harusi mtarajiwa anayeshindia matango na maji ya ndimu kwa siku tano ili gauni limkae vizuri humaliza sehemu kubwa ya akiba hiyo, maji yake hutoka kwa mkojo, na mizani husoma kilo mbili pungufu. Mafuta yaliyopungua ni kidogo. Akianza tena kula wali na chapati kama kawaida, glaikojeni hurudi na maji yake, na kilo hizo hurudi hata kama hakula kupita kiasi. Akiendelea kujinyima kwa wiki kadhaa atapunguza mafuta kweli, ila misuli nayo itaondoka, kwa kuwa mwili uliokosa sukari huvunja protini za misuli ili uulishe ubongo. Misuli hutumia nishati hata mtu akiwa amelala. Ikipungua, chakula kilichomtosha jana kinakuwa kingi leo.

Halafu homoni huingia kazini. Seli za mafuta hutoa leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, ambayo huuarifu ubongo kuhusu akiba iliyopo. Mtu akijinyima ghafla, leptini huporomoka haraka kuliko mafuta yenyewe, huku ghrelini, homoni ya tumboni inayochochea njaa, ikipanda. Watafiti wa Melbourne walichapisha mwaka 2011 matokeo ya watu 50 wanene waliokaa wiki 10 kwa chakula kidogo sana: mwaka mmoja baadaye homoni hizo zilikuwa hazijarudi zilipokuwa, na njaa ilikuwa bado juu. Mwaka 2016 mtafiti Kevin Hall na wenzake walieleza habari za watu 14 walioshiriki The Biggest Loser, shindano la televisheni la kupunguza uzito. Walikuwa wamepungua wastani wa kilo 58. Miaka sita baadaye kilo 41 zilikuwa zimerudi, na miili yao iliunguza takriban kilokalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa maumbo yao.

Madhara hayaishii kwenye kilo zinazorudi. Mtu anapopungua upesi, ini humimina kolesteroli nyingi kwenye nyongo, na kwa kuwa chakula chenye mafuta hakiingii, mfuko wa nyongo haujikamui. Hapo vijiwe hutungika. Katika miaka ya 1970 huko Marekani, watu wapatao 60 walikufa baada ya kutegemea vinywaji vya protini ili wapungue, baadhi yao moyo ukiwa umepoteza mdundo wake. Nazo chai za kupunguza tumbo zenye sanamaki huharisha tu. Hutoa maji na potasiamu, madini ambayo moyo unayahitaji ili upige sawasawa, na mafuta ya tumbo hayaguswi.

Wapo watakaopinga kwa ushahidi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2017 uliwapa wagonjwa wa kisukari aina ya pili takriban kilokalori 850 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano, na baada ya mwaka karibu nusu yao hawakuwa tena katika kiwango cha kisukari, bila dawa. Hilo ni kweli, na ni jema. Lakini mlo ule ulikuwa na virutubisho vilivyopimwa, dawa zilisimamishwa chini ya uangalizi, chakula cha kawaida kikarudishwa hatua kwa hatua, na wahudumu wa afya wakaendelea kuwafuatilia. Utafiti mwingine wa Melbourne, wa mwaka 2014, ulionyesha kwamba waliopungua haraka na waliopungua polepole walirejesha uzito karibu sawa, takriban asilimia 71, ndani ya miaka mitatu. Kwa hiyo hata kupungua polepole peke yake hakutoshi. Mlo wa kujinyima ghafla una kasoro kubwa kuliko kasi yake: hauna kesho. Na anayeuliza kuhusu mfungo wa Ramadhani akumbuke kwamba mfungaji ana futari na daku. Kinachobadilika zaidi ni saa za kula.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza mlo wowote, jiulize kama utaweza kuula mwakani, nyumbani kwako, kwa kipato chako. Kupunguza sukari kwenye chai, kumega ugali mdogo kando ya mboga na maharage mengi, na kutembea kila siku ni mambo yanayoweza kudumu. Mlo usioweza kuishi nao usiuanze.