Fahamu: Kibali cha usalama kwa wahandisi wa programu Marekani

Ni nini?
Ni idhini ya serikali ya kuona taarifa za siri. Ina ngazi tatu. Ya juu kabisa ni Siri Kuu.

Nani hukipata?
Kwa kawaida ni raia wa Marekani, wala hawezi kujiombea: lazima adhaminiwe na mwajiri. Hapo ndipo penye kizungumkuti, maana matangazo mengi ya kazi humtaka aliye nacho tayari.

Upekuzi ukoje?
Mwombaji hujaza fomu SF-86: makazi, ajira, madeni, safari, jamaa walio nje. Upekuzi mwingi hufanywa na shirika la serikali la DCSA.

Kwa nini mhandisi wa programu za seva hukihitaji?
Hifadhidata zimo mikononi mwake. Mwaka 2015 ilibainika kuwa wadukuzi waliiba taarifa za watu milioni 21.5 kutoka ofisi ya utumishi, OPM. Ajabu ni kwamba zilikuwa za upekuzi huohuo.