Mashine kuu ikigoma, diski ziwe tayari

Mteja akiambiwa kaunta kwamba mtandao haupo, hajali kilichoharibika. Anataka fedha zake. Mwenye hisa za benki ana maswali mengine: mashine italala kwa muda gani, na je, itagoma tena wiki ijayo?

Si maswali madogo. Juni 2012 mifumo ya Royal Bank of Scotland ilikwama kufuatia mabadiliko ya programu ya kupanga kazi. Chanzo hakikuwa diski, lakini wateja wasiopungua milioni 6.5 waliguswa, na Novemba 2014 wasimamizi wa Uingereza waliitoza benki hiyo faini ya pauni milioni 56.

Benki nyingi kubwa duniani huweka hesabu zao kwenye kompyuta kuu za IBM zenye mfumo wa z/OS. Mfumo huo ukiganda kabisa, fundi wa zamu hapaswi kukimbilia kuuwasha upya, maana kuwasha hufuta kumbukumbu, na ushahidi wa kilichotokea umo humo. Kwanza hupakia programu inayojitegemea, SADMP, ambayo huhamishia kumbukumbu kwenye diski. Muda wote huo biashara imesimama.

Hapo ndipo maandalizi yanapolipa. Faili la kupokelea laweza kutandazwa juu ya diski hadi 32, zikaandikwa kwa pamoja. Chukua mfano wa gigabaiti 100, na diski inayopokea megabaiti 100 kwa sekunde. Ikiwa peke yake itahitaji dakika 17 hivi. Diski 12 zikigawana kazi, hesabu ya karatasi hushuka hadi dakika moja na nusu. Ya karatasi, kwa sababu diski zote zikiwa nyuma ya kidhibiti kimoja hupanga foleni kama magari darajani. Inafaa zitawanywe. Halafu 3390 modeli 9 hubeba gigabaiti 8.5 tu, 12 zatosha kwa shida.

Faili hutayarishwa mapema kwa AMDSADDD. Bila hivyo SADMP hailikubali. Nakala ya zamani ikiachwa humo, fundi ataulizwa katikati ya dharura kama aandike juu yake. Na kumbukumbu ikiongezwa bila diski kuongezwa, nafasi itaisha njiani. Hili ndilo rahisi kusahaulika: kumbukumbu hununuliwa kwa kuwa wateja wameongezeka, ilhali diski tupu huonekana hasara.

Kwenye mkutano wa mwaka, mwenye hisa anaweza kuuliza: nakala ya majaribio ilichukuliwa lini mara ya mwisho, na kwa dakika ngapi?