Kijogoo aliyegeuzwa mwanamke

Mtazame jogoo anapomtaka tetea. Hushusha bawa moja hadi likwaruze ardhi, kisha humzunguka kwa hatua fupi za upandeupande, kifua mbele. Wafaransa waliiona mikogo hiyo, wakamfananisha nayo mwanadamu. Kwao jogoo ni coq, na coquet ni kijogoo: mwanamume anayejipitishapitisha mbele ya wanawake ili atazamwe. Umbo la kike, coquette, likashika katika karne ya 17, na lawama ikamhamia mwanamke mwenye madaha, anayerembua macho na kuwatia wanaume hamu bila kumkubali yeyote.

Nionavyo, hapo mwanamke alidhulumiwa, na ushahidi umo katika tamthilia ya Molière, Le Misanthrope, iliyochezwa Paris mara ya kwanza Juni 1666. Anayekumbukwa ni Célimène, mjane wa miaka 20, ambaye kila mchumba hudhani ndiye anayependwa, mpaka barua zake zinaposomwa hadharani. Lakini humo humo yumo Acaste, bwana mdogo wa kikabaila, anayejimwagia sifa: ana mali, ana nasaba, ana meno mazuri na kiuno chembamba. Huyo ndiye kijogoo hasa. Hata hivyo, aliyebaki na jina la coquette ni Célimène.

Aliyeichambua tabia yenyewe kwa makini ni mwanasosholojia Mjerumani Georg Simmel, mwaka 1909. Mfano wake mmoja ni wa jicho: mtu hukutupia macho ya pembeni huku kichwa kimeanza kugeukia kwingine. Amekupa na amekunyima kwa wakati mmoja. Kwa Simmel, akikubali waziwazi au akikataa waziwazi, mchezo umekwisha.

Neno jirani la Kiingereza, flirt, wengi hulihusisha na usemi wa Kifaransa conter fleurette, yaani kumsimulia mtu vijiua, kumtongoza kwa maneno matamu. Asili hiyo inavutia lakini si sahihi. Katika karne ya 16 flirt lilikuwa na maana ya kutikisa au kurusha kitu ghafla. Mapenzi yaliingia baadaye, na Wafaransa wenyewe waliliazima flirter kutoka Uingereza katika karne ya 19.

Siku hizi coquette limepoa. Mara nyingi Mfaransa humwita hivyo mwanamke anayependa kuvaa vizuri, hata bibi kizee anayepaka rangi ya midomo kabla ya kwenda sokoni, na fedha nyingi kidogo nazo huitwa une coquette somme.